Sweta ufukweni: Safari ya picha iliyosubiri kusi lizeeke

Kwenye ukuta wa studio moja ndogo ya picha mjini Newala, kati ya sampuli za pasipoti saizi na picha za maharusi, imetundikwa picha ya binti wa miaka 11. Amekaa kwenye ngazi za mawe, bahari iko nyuma yake, jua ndiyo kwanza linachomoza. Amevaa sweta. Wateja wengi huicheka kwanza. Nani anavaa sweta ufukweni?

Mwenye studio ndiye mama wa binti huyo. Huwa hana haraka ya kujibu. Picha hiyo ilimchukua miaka mitano kuipata, na katika miaka hiyo kuna siku aliapa kwamba mwanawe hataikanyaga pwani tena. (Majina ya familia hii hayatajwi kwa ombi lao.)

Binti ana selimundu. Jina la ugonjwa limejieleza lenyewe: seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Zikifika kwenye mishipa midogo hukwama, damu haipiti, na mtoto hushikwa na maumivu ya mifupa ambayo dawa za kawaida hazifui dafu. Baba na mama yake ni wazima. Kila mmoja alibeba kinasaba kimoja bila kujua, na kwa wazazi wa namna hiyo kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Wao walijua binti akiwa na mwaka mmoja na nusu, baada ya vidole vyake kuvimba mara ya pili.

Vitu vinavyoamsha maumivu hayo ni vya kawaida mno: mwili kupungukiwa maji, baridi, uchovu, homa. Ukiviangalia vizuri, vingi vinakuja na majira ya mwaka.

Na Newala inampa mzazi wa mtoto huyo mtihani wake. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga. Mvua ikinyesha inanywewa yote, hakuna mto wala kijito. Kwa vizazi wanawake wameshuka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mabomba yamepunguza adha, lakini bado zipo wiki ambazo ndoo ni ya kununua. Mtoto wa selimundu anatakiwa kunywa maji kutwa nzima. Nyumbani kwao kuna chupa ya kijani ya lita moja, ambayo hujazwa asubuhi kabla hata chai haijainjikwa.

Habari ya bahari ilianzia Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linapoonekana chini, Msumbiji ng'ambo. Binti alikuwa na miaka mitano. Ilikuwa asubuhi, ukungu umejaa bondeni, mweupe, umetulia.

“Mama, ile ndiyo bahari?”

“Ule ni ukungu, mwanangu.”

“Bahari yenyewe iko wapi?”

Mama aliahidi kumpeleka akapigwe picha kwenye bahari ya kweli. Ahadi ilikuwa ya mtoto, lakini na yeye alikuwa na yake. Studioni kwake limetundikwa pazia lenye mchoro wa minazi na maji ya bluu, na nusu ya Newala imeshapigwa picha mbele ya pazia hilo. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona bahari mara mbili tu maishani.

Walipanga kwenda wiki ya Pasaka, Aprili 2019. Fedha za harusi mbili zilikuwepo. Kisha redio zikaanza kutangaza kimbunga Kenneth. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari, Mtwara nzima ikakaa roho juu, na Aprili 25 kimbunga kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma. Upande wa Tanzania ulinusurika. Safari ilifutwa, na hakuna aliyelaumu.

Hapa mzazi anayefikiria kwenda pwani ya kusini na watoto aweke alama kwenye kalenda yake. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 ni huyo Kenneth. Aprili 2021 alikuja Jobo, akaishiwa nguvu. Mwanzoni mwa Mei 2024 alikuja Hidaya, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Vimbunga haviji kila mwaka, na miaka mingi wiki hizo hupita salama. Lakini vinapokuja huku kwetu, mara nyingi huchagua wiki zile zile za mwisho wa masika, wakati bahari bado ina joto. Kukata nauli ya familia kwa tarehe hizo bila kusikiliza taarifa ya TMA ni kubahatisha. Na hata bila kimbunga, mikoa ya Mtwara na Lindi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na mvua ikichanganya huja na matope njiani na mbu ndani ya nyumba. Malaria humwumiza mtoto yeyote, na mwenye selimundu humwumiza zaidi.

Safari ya pili walikwenda kweli. Ilikuwa likizo ya Juni 2023.

Mama aliichagua Juni kwa jicho la mpiga picha. Mvua imekwisha, anga limeoshwa, hewa haina unyevunyevu, na jua la jioni linapiga kwa ubavu mpaka kila punje ya mchanga inaonekana. Alichaji betri mbili. Alikodi gari pamoja na ndugu, wakaenda Msimbati, zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka Mtwara mjini, ufukwe mweupe ulionyooka na bahari kuu mbele yake. Kwa picha, wengi watakwambia hakuna mahali kama pale.

Alichokisahau ni upepo. Juni na Julai ndiyo miezi ya kusi lenyewe, upepo unaotoka kusini mashariki na kuvuma mchana kutwa. Mtu aliyevaa nguo kavu huuona mtamu. Mtoto aliyelowa humpiga kama feni.

Binti aliingia majini saa kumi na nusu jioni, akatoka anacheka, anatetemeka. Akaomba kanga. Jua lilikuwa limeshuka, limekuwa la dhahabu, mawimbi yanang'aa nyuma yake.

“Subiri kidogo,” mama alisema. “Picha moja tu.”

Haikuwa moja. Saa na dakika zilizoandikwa kwenye kamera zinaonyesha kwamba kati ya picha ya kwanza na ya mwisho zilipita dakika 17.

Maumivu yalianza saa tano usiku, kwenye mapaja, yakapanda kiunoni. Saa saba walikuwa hospitali. Walilazwa siku nne, dripu, dawa za maumivu, baba akija na kurudi. Mama hajawahi kusafisha picha hata moja ya siku ile. Kadi ya kamera ameiweka kwenye boksi la miwani, juu ya kabati. Akiulizwa kwa nini asizifute, husema hazifuti kwa sababu binti ametoka vizuri. Wazazi watamwelewa.

Baada ya hapo baba alifunga mjadala. “Bahari ilishatutia hasara mara moja,” alisema, na kwa mwaka mzima neno hilo halikuguswa mezani.

Aliyelirudisha ni binti. Alikuwa darasa la tano, wamesoma habari za pwani, na mwalimu ameuliza nani amewahi kuiona bahari. Alinyoosha mkono. Wenzake wakataka ushahidi. “Mama, ile picha hukuitoa,” alisema jioni ile. Hakusema kwa ukali, lakini mama alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kliniki iliyofuata alimuuliza muuguzi, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba kitu cha aibu. Je, mtoto huyu anaweza kwenda pwani tena?

Muuguzi alishangaa swali. Alisema tatizo la safari ile lilikuwa mwili uliolowa kuachwa kwenye upepo, jioni, baada ya siku ndefu ya barabarani na maji machache, kwa sababu kwenye gari la kukodi hakuna aliyetaka kusimama kila mara watoto wajisaidie. Bahari yenyewe haikuwa na kosa. Kisha akaandika nyuma ya karatasi ya dawa. Maji kila nusu saa, hata asipoomba. Aingie majini jua likiwa juu, maji yakiwa vuguvugu, atoke kabla hajaanza kutetemeka, avuliwe nguo mbichi hapo hapo. Dawa zake, foliki asidi na haidroksiyurea, zisirukwe hata siku moja kwa kisingizio cha safari. Chandarua. Kadi ya kliniki iwe mkobani. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali, bila kungoja asubuhi.

Karatasi hiyo ilimpa mama masharti. Hakikumpa mwezi wa kusafiri. Mwezi alipewa na mjomba wake.

Kwa Wamakonde mjomba ni mtu mzito, neno lake halipitwi hivi hivi, na mjomba huyu ana sifa ya ziada: ameishi Mikindani miaka arobaini, mingi kati ya hiyo akivua kwa ngalawa. Mama alimpigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?”

Alipoelezwa, mzee alicheka. Kusi la Juni ni kijana, alisema, lina nguvu za bure. Likifika Septemba limezeeka, linavuma kwa kupumzika. Wazee wa pwani wanaziita siku hizo demani. Ukingoja hadi Novemba na Desemba, upepo unaanza kugeuka kuwa kaskazi, joto linakuja, mawingu yanakuja, mvua inabisha hodi.

Mama alichukua kalenda ya ukutani akaanza kufuta. Desemba ina likizo ndefu na fedha za korosho, kwa kuwa minada huanza Oktoba. Lakini ina joto linalomkausha mtoto, mvua, na mbu. Juni ina anga zuri, lakini ina kusi kijana. Aprili alishaifuta siku nyingi. Ilibaki likizo fupi ya Septemba, mwezi ambao karibu kila mtu Newala hana hela, na korosho za kwanza zimeanza kudondoka shambani zinamtaka mtu wa kuziokota.

Kwa mpiga picha Septemba ina kasoro nyingine. Watu wanachoma mashamba kuyaandaa kwa msimu, moshi unazagaa, na anga juu ya uwanda linapauka mpaka Msumbiji haionekani kutoka Shimo la Mungu. Ufukweni upepo wa bahari husaidia kidogo. Mama alijua kwamba hatapata ule mwanga wa Juni. Aliumia, ni kazi yake, lakini alikubali.

Fedha alikopa kwenye kikundi chao cha vikoba. Baba alibaki na mikorosho. Hakusema ndiyo wala hapana, ila usiku mmoja aliweka noti mezani na kusema zile ni za kuzungukia Masasi.

Hilo la kuzunguka lilikuwa wazo lake, na pengine ndilo wazo bora kuliko yote katika safari nzima. Kutoka Newala kwenda Mtwara njia fupi ni ya Tandahimba, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi na mashimo. Njia ya Masasi ni ndefu, ila kuanzia Masasi ni lami, na inapita Ndanda na baadaye Nyangao, miji midogo ambayo kila mmoja una hospitali ya misheni inayojulikana kusini nzima. Tena Masasi ndiko kwa mama yake mzazi. Wangelala hapo, mtoto apumzike, waendelee kesho yake.

Basi wakaenda, Septemba 2024, mama na binti na chupa ya kijani. Bibi wa Masasi aliwapokea kwa uji wa ulezi na maswali. Jioni binti aliomba kamera akapiga milima ya mawe ya Masasi, ile minyakavu mikubwa iliyosimama kama imeangushwa na mtu, na mama anakiri kwamba picha mbili kati ya hizo ni nzuri kuliko zake.

Safari hii hawakwenda Msimbati. Mjomba alikataa. Mikindani kuna ghuba, alisema, maji yamekingwa, mawimbi hayana ubishi. Ni mji mkongwe wa nyumba za mawe, na boma la Wajerumani limekaa juu yake. Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 kuingia bara, safari ambayo hakurudi. Kwa mama mwenye mtoto wa selimundu, sifa kuu ya Mikindani ilikuwa kwamba Mtwara mjini na hospitali zake ni mwendo mfupi kwa bajaji.

Siku nazo mzee alizichagua yeye. Mama alidhani mwezi mpevu ndio mzuri kwa picha. Mzee akamwambia mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji yanajaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, halafu kwenye saa nne asubuhi yanakupwa mpaka mbali, mtoto atembee kwenye matope na mawe makali. Bora nusu mwezi, siku za maji mafu. Hapo maji hayaendi mbali wala hayavuti kwa nguvu, na hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Saa ambayo jua limeshawasha maji, upepo wa mchana haujachachamaa. Mama aliyasikiliza haya akiwa ameshika karatasi ya muuguzi, akaona kwamba mvuvi na muuguzi, ambao hawajawahi kuonana, wamemwelekeza saa ile ile.

Asubuhi ya kwanza walitoka saa kumi na mbili kasoro. Kulikuwa na ubaridi, na sweta ikavaliwa bila ubishi. Binti alikaa kwenye ngazi, mkavu, amekunywa chai. Jua likatoka na dakika zake chache. Halikuwa la dhahabu kama lile la Msimbati. Lilikuwa jekundu hafifu, limefunikwa na moshi wa mbali. Mama alipiga picha kwa dakika tisa, akijitazama saa.

Saa nne na robo waliingia majini wote wawili, mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni. Mjomba alisimama ukingoni na kanga mkononi kama askari. Nusu saa haikuisha, akaita. Nguo kavu, maji ya kunywa, kivuli.

Jioni ilikuwa ngumu zaidi. Ngalawa tatu zilikuwa zinarudi, tanga limejaa, na mwanga ukawa ule anaoujua yeye, ule wa dakika chache. Binti aliruka kutoka kwenye mkeka. “Mama, nisimame pale?” Upepo ulikuwa umeongezeka kidogo, maji yanarusha matone kwenye mawe aliyoyaonyesha.

Mama aliinua kamera, akatazama, akaishusha. Akachomoa lenzi, akaifuta chumvi kwa pindo la kanga, akafunga begi. Ngalawa zikapita.

Usiku hakulala. Saa tano alimgusa paji la uso. Saa saba alimwamsha anywe maji. Saa tisa alimkuta amekaa mwenyewe, anakunywa kutoka kwenye ile chupa, anasikiliza maji yakigonga ukuta nje.

“Unaumwa?”

“Hapana. Wewe lala.”

Baba, aliporudishiwa mtoto wake mzima, aliziangalia picha zote kwenye kioo cha kamera, moja moja, kisha akauliza ile ya sweta itatoka kwa saizi gani.

Katika picha iliyopo ukutani, chupa ya kijani imesimama kwenye ngazi, karibu na mguu wa binti. Mama angeweza kuiondoa kwenye kompyuta kwa dakika mbili. Kila siku anawaondolea watu chunusi na makovu. Siku ya kuichapa aliuliza.

“Iache,” binti alisema. “Ni yangu.”

Mteja aliyekuwa anasubiri kwenye benchi alitaka pasipoti saizi nne, bakgraundi ya bluu.